Nani Alikuwa na Ufunguo wa Ghala?

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mitatu, sijaolewa, na ninaishi kwa mama yangu Buyenzi, hapa Bujumbura. Kabla hamjaanza kunionea huruma, ngojeni kwanza. Huruma sikuomba. Nimeshika kalamu kwa sababu nimechoka kusikia mtaani kwamba mimi ni yule mwalimu aliyeachwa... Mimi sikuachwa!

Miaka ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imeshaingia mjini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi ya Kifaransa, nikapata kazi katika shule moja ya sekondari katikati ya mji. Wasichana wa Buyenzi tuliosoma mambo hayo tulikuwa wachache. Mama yangu, ambaye anauza vitambaa sokoni, alimsimulia kila mteja habari za kazi yangu, hata aliyekuja kununua uzi tu.

Shule hiyo ndiyo iliyonipa mchumba. Nitamwita Hamisi. Tulikua naye mtaa mmoja, na pale shuleni alikuwa prefe wa masomo: ndiye aliyepanga ratiba na kugawa vitabu, na funguo za depo ya vitabu zilining'inia kiunoni mwake. Zilikuwa zikilia anapotembea. Mimi nilipozisikia nje ya darasa moyo ulinienda mbio, nikakosea hata kuandika ubaoni. Wazee wake walikuja kuposa, wangu wakakubali, mama akaanza kuweka vitenge pembeni. Nilimpenda Hamisi. Kwa nini nifiche?

Sasa sikilizeni habari ya kitabu...

Nchi ilipowekewa embargo, majirani wakafunga mipaka, kila kitu kilikuwa haba, petroli, unga, sembuse vitabu. Hamisi akafungua depo, akatoa nakala za riwaya moja ya zamani ya Kifaransa, pembe zake zimeliwa na mende, akaniletea darasani yeye mwenyewe. Akasema darasa la mwisho litasoma hiyo, kwa kuwa ndiyo pekee yenye nakala za kutosha. Mimi sikuichagua. Naomba mlikumbuke hilo.

Ni hadithi ya kijiji chenye njaa. Mto unapita katikati yake. Tanuri ni moja tu, la mjane mmoja anayeoka mikate, na watu wa ng'ambo ya mto wanasema mjane huyo anakataa kuwaokea. Yumo pia msimamizi wa ghala la unga, bwana mpole mwenye ufunguo mkubwa kwenye mkanda, ambaye anapita karibu kila sura bila kusema la maana. Mwishoni kijiji kizima kinamfukuza mjane kwa mawe, na yule bwana anatazama kutoka dirishani.

Nina njia yangu ya kuchambua wahusika. Sitaki mwanafunzi anieleze mhusika anafananaje. Nataka anieleze mikono ya mtu huyo imeshika nini, na nani anafaidika mtu huyo akinyamaza. Njia hiyo iliwashinda wanafunzi wangu, na msiwalaumu. Wale wa Musaga, kusini mwa mji, walikaa upande wa dirisha, wale wa mitaa ya kaskazini upande wa mlango, wa Buyenzi katikati. Hakuna aliyewapanga hivyo! Walijipanga wenyewe, kwa sababu kila upande ulikuwa umezika watu wake.

Tatizo lilikuwa pua. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba mjane ni mrefu, mwembamba, mwenye pua nyembamba. Maneno mawili matatu tu, ya kupamba. Lakini Bujumbura ya miaka ile pua ilikuwa kitambulisho cha kabila! Watu walishushwa kwenye minibasi kwa sababu ya pua, na wengine hawakupanda tena. Goreti, msichana mwenye akili kutoka Musaga, akanyoosha mkono.

"Madame, huyu mama ni wa kwetu ao ni wa kwao?"

Nikamwambia mjane ni Mfaransa wa kwenye hadithi, si wa kwetu wala si wa kwao, arudi akaangalie mikono yake. Wachache wakacheka. Goreti hakucheka, akaenda na swali lake nyumbani.

Baada ya hapo mambo yakaharibika haraka. Baba yake Goreti, mfanyakazi wa serikali, akaja kwa mkurugenzi wa shule kusema kwamba nafundisha kitabu kinachowatukana watu wake, kwamba ni wachoyo na wauaji. Haijapoa hiyo, wakaja wazazi wa kaskazini. Wao walisema watu wa ng'ambo ya mto ndio wao, na kwamba nawafanya watoto wao waonekane ombaomba. Tangu vita ianze sikuwahi kuona pande mbili zikikubaliana kwa jambo lolote, lakini siku hiyo zilikubaliana kwamba mwenye kosa ni mimi. Mimi Mswahili wa Buyenzi, ambaye hakuna upande uliokuwa tayari kunitetea.

Mkurugenzi akaitisha mkutano wa wazazi. Alikuwa karibu kuhamishwa, na kila mtu alijua anayetajwa kushika nafasi yake ni Hamisi. Ndipo Hamisi akaja nyumbani alasiri moja. Mama akampa chai na maandazi, akatuacha barazani. Nilidhani amekuja kuniambia atasimama kando yangu.

"Zaituni, we sema tu ile kitabu ni we ulichagua," akasema. "Unaomba pardon mbele ya wazazi, inaisha."

Nikamuuliza kwa nini asiseme ukweli yeye mwenyewe.

"Mi nikisema wataniondoa. We uko mwanamuke, watakusamehe. Tena tutaoana... shida yako itakuwa shida yangu."

Aliyasema kwa upole, akanishika mkono. Nawaambia kweli, nilikuwa karibu kukubali! Nani asiyetaka harusi yake? Nani anataka kumwaibisha mchumba wake?

Alipoondoka nilifungua riwaya ile kutafuta maneno ya kuwaambia wazazi. Nikafika kwenye ukurasa ambao darasani tulikuwa tukiupita haraka. Msimamizi wa ghala anaingia jikoni kwa mjane, anamwambia kwa sauti ya chini: waambie tanuri limeharibika, mengine niachie mimi, nitakutunza. Basi! Unga alikuwa ameuuza yule bwana mwenyewe. Mjane hakumnyima mtu mkate, hakuwa na unga wa kuoka! Alikubali kubeba lawama kwa sababu aliahidiwa kutunzwa, na walipomfukuza kwa mawe yule bwana hakufungua hata dirisha.

Nilisoma ukurasa ule nikasikia sauti ya Hamisi. Nikalia pale barazani mpaka mama akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Musaga upande mmoja, kaskazini upande mwingine, vilevile kama watoto wao. Mkurugenzi alinipa nafasi ya kuomba radhi. Nilisimama na kitabu mkononi, nikasoma ukurasa wa jikoni kwa Kifaransa, nikaufafanua kwa Kirundi na Kiswahili. Kisha nikawauliza wazazi, unga ulikuwa kwa nani?

Mama mmoja nyuma kabisa akajibu kwamba ulikuwa kwa yule wa ufunguo. Baba yake Goreti alikuwa amefunga mikono kifuani. Naye akatikisa kichwa kukubali.

"Na hapa shuleni," nikasema, "ufunguo wa depo ya vitabu uko kwa nani?"

Ukumbi mzima ukageuka. Hamisi alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika funguo zake kwa mkono ili zisilie. Mkurugenzi akamuuliza kama ni kweli kitabu kilitoka kwake. Nilimtazama machoni. Mpaka dakika ile, wasomaji, nilikuwa bado namwombea Mungu ampe neno moja tu la kweli!

"Mi natoa ile kitabu prof anaomba," akasema Hamisi. "Ni yeye aliomba."

Hakunitazama aliposema hivyo.

Nilifukuzwa kazi wiki ileile. Na mtaani je? Mnadhani walinitetea? Shangazi zangu walisema nimemvunjia heshima mchumba mbele za watu, nikamwombe msamaha haraka kabla posa haijavunjika. Hamisi naye alituma watu kusema kwamba yuko tayari kunisamehe. Kunisamehe mimi! Nilicheka mpaka mama akaogopa.

Kwetu posa ikivunjika, vitu hurudishwa na wazee, kimyakimya, kupitia kwa mshenga, ili aibu isionekane. Mimi nilikataa kimyakimya. Nilitia vitenge vyote na kanga zote za posa kwenye sanduku lilelile walilokuja nalo wazee wa Hamisi, nikajitwisha kichwani mwenyewe, nikapita nalo barabarani watu wametoka kuswali adhuhuri. Kila aliyeniuliza nimebeba nini nilimwambia. Nilifika kwa kina Hamisi, nikaliweka mlangoni, nikamwamkia mama yake kwa heshima zote, nikarudi. Mama yangu alilia siku nzima kwa aibu. Na mimi nililia, lakini nililia baada ya kulirudisha.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Nilikaa nyuma ya meza ya mama sokoni nikipima vitambaa. Wanawake walikuja kunitazama, wakaondoka bila kununua. Rafiki zangu wa shule ya Kurani waliolewa mmoja mmoja, na kwenye ngoma zao nikawekwa jikoni.

Halafu asubuhi moja mji ulikuwa umefungwa, minibasi hazitembei, na mtu akabisha mlangoni. Alikuwa Goreti, viatu vimejaa vumbi. Nyuma yake baba yake. Walikuwa wametembea kutoka Musaga mpaka Buyenzi, siku ambayo watu waliogopa hata kuvuka barabara! Nilijua yule baba amekuja kumalizia matusi. Nikasimama katikati ya mlango nisimpishe.

Mzee yule akatoa kitabu chini ya koti. Ni kilekile, chenye pembe zilizoliwa na mende.

"Madame, nimekisoma mpaka mwisho," akasema. "Huyu mutoto ako na egizameni ya kumaliza shule. Nakuomba umufundishe hapa kwako."

Hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Niliwapisha wakaingia, mama akaweka chai.

Goreti akawaleta wenzake. Wakaja hata wale wa kaskazini, wanapita vichochoroni. Uani kwetu jamvi ni moja na ni dogo, hakuna upande wa dirisha wala wa mlango, kwa hiyo walikaa magoti yakigusana. Tukachambua mjane, tukachambua mto, tukamchambua yule bwana mpole mpaka akatuchosha. Sijaacha kufundisha tangu siku hiyo. Mkiniona sokoni asubuhi, jueni jioni niko uani na watoto wa watu.

Hamisi alipata ukurugenzi wake. Sasa anakaa Kigobe, mtaa wa wakubwa, ana mke. Mwaka jana alisimama kwenye meza yetu sokoni, akasema nimsamehe, wakati ule alikuwa anaogopa. Nikamwambia woga wake ningeuelewa. Angeniambia anaogopa, ningeogopa pamoja naye, hata kazi tungepoteza pamoja. Lakini yeye alinipa lawama nimshikie, akaiita mapenzi. Nikampimia kitambaa alichotaka, nikampa chenji yake.

Dada zangu mnaosoma mkasa huu, nawasihi. Atakuja mtu mnayempenda, atawashika mkono, atawaomba mbebe kosa lake kidogo tu, mpaka mambo yatulie. Atasema atawatunza. Mtazameni mikono yake kabla hamjajibu! Mjane wa kwenye kitabu alitii, akasema tanuri limeharibika, na mawe yakamfuata mpaka nje ya kijiji.

Tanuri langu lilikuwa zima. Nilisema hivyo mbele ya watu wote, na ningesema tena kesho.