Kila Mwaka Kiatu Kikubwa Zaidi

Majirani zangu, haya ninayowaeleza ni ya nyumbani kwetu, na nina ruhusa ya wenyewe. Wifi yangu aliniambia nieleze yote, hata pale ninapoonekana mjinga, na hasa pale.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye karakana ya kaka yangu. Kaka ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Kisigino, kwa sababu hawezi kusalimiana na mtu bila kwanza kumtazama kisigino. Mlango ulikuwa wazi, redio ikijisemea peke yake, chumba kikinuka gundi na ngozi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nakunywa chai, maana saluni yangu ni mlango wa pili na wateja wangu wa Jumamosi huchelewa kuamka. Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa kwenye kiti cha wateja amenyoosha mguu kama bibi harusi. Kaka alipiga goti kumvalisha kiatu cha ngozi ya kahawia alichokuwa akikishona tangu Jumatatu.

"Sukuma," alisema kaka.

"Nimesukuma. Kimegoma."

"Kitalegea. Ngozi mpya ina kiburi."

"Mwenye kiburi ni wewe, Fundi. Umenipimia mguu wa mtoto halafu unaisingizia ngozi."

Tukacheka wote watatu. Ndivyo tulivyokuwa tukicheka kwa miaka miwili, na hicho kilikuwa kiatu cha tatu.

Sikilizeni vizuri, maana kosa letu liko hapa. Kaka yangu alijiapiza kwamba mke wa fundi havai kiatu kinachobana. Basi kila wifi alipolalamika, hakumuuliza kitu, alimshonea kingine kikubwa kidogo, akakipiga rangi mpaka kikang'aa. Sijaona mume anayempenda mkewe kama yeye, na ndiyo maana habari hii inaniuma.

Pete ya ndoa ilipombana, mimi mwenyewe nilileta sabuni, tukaivua na kuiweka kabatini. Sauti yake ilipokuwa nzito, tulisema ni vumbi la chaki. Alipolowa jasho, tulisema ni joto. Siku moja alikuja saluni, akaketi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kichwa kinaniuma kila siku. Na siku zangu za mwezi zimekatika miezi saba sasa, na hata arobaini sijafika." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wifi, uzee huo. Karibu chamani." Tukacheka tena. Mtu alinifungulia moyo, nami nikaufunga kwa mzaha. Hilo kosa ni langu na simgawii mtu.

Turudi karakana. Kaka alikasirika, si na mkewe, na nafsi yake, akaanza kutafuta alipokosea kupima. Kazi yake huanza hivi: mteja anakanyaga karatasi ngumu, yeye anauzungusha mguu kwa penseli, anaandika tarehe na kuitundika kwenye msumari. Akazitoa karatasi tatu za mkewe, akazipandanisha moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akapitisha kidole kwenye kingo zake, moja baada ya nyingine.

"Nini?" aliuliza wifi.

"Mguu wa mtu mzima hupanuka," alisema kaka polepole. "Kwa mimba, kwa unene, kwa kusimama sana. Lakini haurefuki hivi. Wako umerefuka upana wa kidole. Na mimi nilijua, mke wangu. Hii ndiyo kazi yangu."

Wifi alikivua kile kiatu na kukiweka chini taratibu. "Basi na mimi niseme," alisema. "Watoto wanaokaa pembeni mwa darasa siwaoni mpaka nigeuze kichwa. Wiki iliyopita nimempiga kikumbo mmoja. Alikuwa amesimama ubavuni kwangu na daftari lake, ananisubiri, nami sina habari."

Jumatatu walikwenda hospitali. Wifi alikuwa ameshakwenda zahanati mara mbili, na kila mara alirudi na dawa za maumivu, kwa kuwa kila mara alitaja kichwa tu. Safari hii alitaja kila kitu, hata lile la mwezi lililonichekesha mimi. Kaka alizitandaza karatasi zake mezani kwa daktari, mama mmoja wa makamo, naye hakuzicheka. Aliomba picha ya zamani ya mgonjwa, akaitazama, akamtazama usoni, akairudia tena. Kisha akamwambia wifi akaze macho mbele, akawa anavileta vidole vyake kutoka pembeni. "Sema ukiviona." Wifi alichelewa sana kusema.

Daktari aliwaeleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, na kwamba huenda imeota uvimbe na inamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. "Nashuku, sijathibitisha. Damu itapelekwa maabara kubwa, na picha ya kichwa ina foleni. Wiki sita, labda nane."

"Na macho yake?" aliuliza kaka.

"Hayo ndiyo ninayoyahofia. Uvimbe ukikua unabana mishipa ya macho, na kinachopotea pale pengine hakirudi. Mkiona anazidi kutoona, msingoje tarehe. Njooni siku hiyo hiyo."

Ndugu zangu, kungoja ni kazi. Mwalimu mkuu alikubali madawati yasogezwe katikati ili watoto wote waenee machoni mwa mwalimu wao. Kaka alianza kutembea upande wa kushoto wa mkewe, ule ulio mbaya zaidi, na akawa anamtajia kila kitu njiani: shimo, baiskeli, mbuzi, mama fulani anayependa maneno. "Huyo wa mwisho ningemwona hata kwa kisogo," wifi alimwambia. Lakini nilipokuwa namchana nywele saluni, aliniambia lililokuwa likimnyima usingizi. Aliogopa kwamba siku moja atasimama mbele ya darasa na asione hata mtoto mmoja.

Siku hiyo kaka aliingia, na wifi akamuuliza kupitia kwenye kioo, bila kugeuka, "Mguu wangu umeushika kila mwaka. Hukuona?"

Kaka aliitazama mikono yake iliyojaa gundi. "Nilikuwa naangalia kiatu," alisema.

Wifi alilia, kisha akafuta macho kwa taulo langu. "Na mimi nilikuwa naangalia mitihani ya watoto," alisema. "Nikisema muhula huu uishe kwanza. Mihula minne."

Wiki ya tano alimimina chai, ikatua nje ya kikombe, na mwenyewe hakujua mpaka ilipomfikia mapajani. Hawakungoja tarehe. Kwa sababu walikwenda siku hiyo hiyo, picha ilipigwa kesho yake. Uvimbe ulikuwepo. Haukuwa saratani, lakini ulikuwa umeshaegemea mishipa ya macho. Ulitakiwa kutolewa kwa upasuaji kupitia puani.

"Puani?" kaka aliuliza. "Mimi nashona viatu miaka ishirini, na tundu hilo nisingelithubutu."

"Ndiyo maana hatukukuita," daktari alimjibu.

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya miezi miwili, kichwa kilikuwa kimeacha kuuma, na jicho la kulia lilikuwa limerudi lote. La kushoto lilirudi nusu. Ukingo wake umebaki kiza, na mifupa iliyokua haitarudi ilivyokuwa. Atachomwa sindano kila mwezi na kupimwa damu, labda kwa miaka. Siku daktari alipotueleza hayo, kaka alivua kofia, akauliza swali ambalo sote tulikuwa tukilikwepa.

"Kama tungekuja miaka miwili nyuma, hilo la kushoto lingepona?"

Daktari alifungua kinywa. Wifi akamshika kaka mkono, kwa ule mkono wake mkubwa, na kusema, "Usimjibu, daktari. Jibu hilo atakwenda kulala nalo kila siku, na mimi nataka alale na mimi."

FUNZO

Wanaotupenda wanaweza kutufichia ugonjwa bila kujua, kwa kutupunguzia adha yake. Tunatanua kiatu, tunavua pete, tunatia mzaha, na mgonjwa anabaki na ugonjwa wake. Mwili wa mtu mzima ukibadilika bila sababu, msiuzoee. Mpelekeni hospitali, na aseme yote, hata ya aibu, kwa kuwa daktari hawezi kuunganisha asichoambiwa. Wakati wa kungoja majibu, msimwache angoje peke yake, na hali ikizidi, msiiheshimu tarehe.

Nami nawaomba hivi. Leo ukifika nyumbani, mtazame yule uliyemzoea. Muulize nini kimebadilika mwilini mwake tangu mwaka jana, na akianza kusema, usicheke.