Jina Lililokwaruzwa Kwenye Chuma

Mtoto alinuka makaa ya mawe. Akiror alimnusa kichwani, akamnusa shingoni, akadhani ni kitenge alichombebea kazini, akakibadilisha. Harufu ikabaki. Nyumbani kwake Rubongi walipikia kuni. Makaa ya mawe alikuwa anayaona mahali pamoja tu, kwenye jumba la kumbukumbu za reli alikofanya usafi.

Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Huyo alikuwa mtoto wake wa nne. Alimwogesha kwa sabuni, akamfunga mgongoni, akaenda kazini, maana watalii walikuwa wanakuja na mabehewa hayajafagiliwa.

Owori, fundi wa ile injini kongwe ya mvuke, alikuwa ameshawasha tanuru.

"Nyabo, leo mtoto yako iko kimya," alisema; kila mwanamke kwake alikuwa nyabo, yaani bibi. "Juzi nalia mpaka injini naona aibu."

"Amechoka. Na wewe ungechoka, ungenyamaza."

Owori akacheka, akatupia beleshi la makaa. Moto ulipokolea, Akiror alihisi mgongo unaungua. Alimshusha mtoto upesi. Macho yalikuwa wazi, ngumi zimekazwa, na pumzi ilimtoka kwa sauti ndogo, chaa, kisha kimya, kisha chaa tena, sawasawa na injini ilivyopumua nyuma yao.

Alikimbia naye zahanati. Wakampima malaria, hana. Akiwa bado kwenye benchi, homa ikashuka ghafla, lakini haikukoma kushuka. Mtoto akapoa mikono, akapoa tumbo, midomo ikawa ya kijivu. Simu ikalia. Ni Owori.

"Mtoto anaendeleaje? Mimi nazima moto kidogo, bomba moja navuja."

Akiror alimtazama mtoto. Hakujua amelitoa wapi neno, ila alilisema.

"Washa."

"Nyabo?"

"Owori, washa! Washa sasa hivi!"

Aliporudi mbio kwenye reli, mtoto alikuwa na joto tena. Mama mkwe wake, Amulen, alikuwa amefika kutoka Merikit na kibuyu cha pombe ya ulezi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kumpa mtoto jina. Akiror alimweleza kwa maneno machache. Mama yule hakuuliza mengi. Alikaa kwenye ngazi ya behewa, akachovya kidole katika pombe, akakigusisha midomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Jina ambalo mtoto angelinyonya ndilo lingekuwa lake. Mtoto alifumba kinywa. Majina yakaisha.

"Huyu ana jina tayari," Amulen alinong'ona. "Nani amempa?"

"Hakuna, mama."

"Kidole cha nani kimeingia mdomoni mwake?"

Ndipo Akiror alipokumbuka. Juzi alikuwa anasugua kutu kwenye kibanda cha dereva cha ile injini. Mtoto alilia, mikono yake Akiror ilikuwa na kazi, akampa kidole anyonye anyamaze. Ukutani palikuwa na jina limekwaruzwa kwa msumari. Alilisoma kwa sauti, kama mtu asomavyo kibao njiani. Eibu. Mtoto akanyonya, akanyamaza.

Owori aliposikia alivua kofia.

"Eibu alikuwa mchochea moto. Bomba napasuka, mvuke namla humu ndani. Ndugu hapana kuja kuchukua maiti. Hapana mtoto hata mmoja alipewa jina yake."

"Amelipata sasa," alisema Amulen.

Walimtuma boda Masafu kumleta Nasirumbi, mganga. Watalii walirudishwa. Owori alichochea polepole: akizidisha, ngozi ya mtoto inaanza kuungua, akipunguza, mtoto anakuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Na makaa yalikuwa yamebaki mabeleshi machache.

Nasirumbi alipanda kibandani, akanusa, akashuka.

"Jina halifutwi," alisema kwa sauti ya chini. "Linahamishwa. Eibu aliingia kwa kidole, atatoka kwa kidole."

"Anihamie mimi," Amulen alisema. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Wewe hukumwita. Atamfuata aliyemwita."

Akiror hakungoja aambiwe mara mbili. Owori akamwaga beleshi la mwisho, na Akiror akapanda na mtoto kwenye kile kibanda chenye joto la kukausha mate, akashika kidole kidogo cha mtoto, akakitia mdomoni mwake mwenyewe, akanyonya, na hapo hapo akasikia nyuma ya sikio mtu anavuta pumzi ndefu, mtu mzima, mwenye koo lililoungua, naye asigeuke, akiendelea kunyonya ingawa kidole kilikuwa kimekuwa na ladha ya chuma na majivu, akasema kwa kinywa kilichojaa, "Mimi ni Eibu, ni mimi, Eibu ni mimi, mwache mtoto," mpaka ile pumzi ikaja karibu, ikamgusa shavu, ikaingia.

Mtoto akalia. Kilio cha kawaida, cha njaa na hasira. Alikuwa na joto la mtoto tu.

Amulen alimpokea huku machozi yanamtoka, akachovya kidole, akataja tena jina la babu wa mtoto, Imalingat. Mtoto akanyonya mara moja, kwa pupa.

"Mnyonyeshe sasa," alisema Nasirumbi. "Ana njaa."

Akiror alifungua blauzi. Kabla mtoto hajafika kifuani, tone la maziwa lilimtoka likichemka, likadondoka kwenye sakafu ya chuma, likakauka. Mtoto alipiga yowe na kugeuza uso.

Akiror alimtazama mwanawe, kisha akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akamrudisha kwa bibi yake, akasogea nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Mama," alisema, "nenda ukatafute maziwa ya ng'ombe. Usimlete tena karibu yangu."