Mzinga wa Mwanzi na Macho ya Kristina

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako. Mwezi wa Desemba mvua inanyesha, baridi inaingia hadi mifupani, na watu wako mashambani wanapalilia mahindi. Jioni wanaota moto na kula viazi. Mimi nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma, Jumanne na Alhamisi, ndani ya kanisa letu la Kilutheri. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alikuwa Kristina, mke wa Enoki.

Kristina alikuwa anasuka vikapu. Alikuja darasani na kazi yake, akaweka kitabu magotini, akasoma huku mikono inasuka. Akifika kwenye neno gumu, mikono inasimama. Akilipata, anacheka peke yake, na mikono inaendelea. Mwaka ule wa 1954 aliniambia, "Mwalimu, Noeli hii nataka kusoma mwenyewe mbele ya watu." Nikamwambia, "Utasoma, mama. Nani wa kukuzuia?"

Mume wake Enoki alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la kubeba magome ya miti ya miwati. Alikuwa mtu wa furaha, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Kwenye duka moja huko Makambako aliona wenye duka, Wahindi, wakiwasha fataki siku ya sikukuu yao. Zilimwingia moyoni. Fataki zenyewe hakuzipata, lakini alipata mawe ya kabaidi, yale ya kutia kwenye taa. Ukiyatia maji yanatoa hewa, na hewa hiyo inashika moto.

Basi Enoki alijitengenezea mzinga. Alikata mwanzi mnene, ule unaogemwa pombe ya ulanzi. Akautoboa ndani, akaacha pingili ya mwisho. Akatia kabaidi, akatia maji kidogo, akaziba, akangoja, akawasha. Puu! Mlio ulisikika ng'ambo ya bonde. Kila Noeli alipiga mzinga wake uani, kati ya nyumba na nyumba, na sisi tulishangilia.

Si wote walioshangilia. Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa mama Zipora, mjane wa makamo. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Alikuwa na ng'ombe mmoja. Noeli iliyopita ng'ombe huyo alishtuka kwa mlio, akakata kamba, akaruka boma, na baada ya siku mbili akatupa mimba. Zipora alilia kama aliyefiwa. Enoki alisema ng'ombe huyo alikuwa mgonjwa tangu zamani.

Wiki moja kabla ya Noeli, Zipora alimfuata Enoki nyumbani kwake. Mimi nilikuwepo, ninakunywa chai.

"Kamwene, mwanangu," alisema Zipora.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kukuomba. Mwaka huu mzinga upeleke kule uwanjani, mbali na nyumba. Ng'ombe wangu ana mimba tena. Na cheche zako siku moja zitaunguza paa langu."

Enoki alicheka. "Mama, Noeli bila mlio ni Noeli gani? Ng'ombe wako mzibe masikio!"

Watu waliokuwa pale walicheka. Nami nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka hadi chai ikanipalia.

Zipora alikasirika. "Unanicheka mimi, umri wa mama yako? Haya. Siku moja utalia wewe."

Alikuwa na hasira tu, kama mtu yeyote. Lakini Enoki hakulichukua hivyo. Akasimama. "Mmesikia? Ananiapiza! Mama, toka uani kwangu, na usikanyage tena hapa!"

Kristina alimvuta shati. "Baba Juliana, acha. Ni jirani yetu." Hakumsikiliza. Kijiji kikagawanyika, wengine upande wa Enoki, wengine upande wa Zipora. Kisimani wanawake walikuwa hawasalimiani. Loo, kwa ajili ya mlio tu!

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa. Kristina alivaa kitambaa cheupe kichwani. Alisimama mbele akasoma habari za wachungaji na malaika katika Luka, polepole, kidole kikifuata mstari. Alikwama mara mbili tu. Alipomaliza alinitafuta kwa macho, akatabasamu. Macho yale nayaona mpaka leo.

Baada ya ibada Enoki alitoa mzinga wake. Mwanzi ulikuwa ule ule wa mwaka jana. Ulikuwa umekaa juu ya meko mwaka mzima, umekauka, umepasuka ubavuni. Enoki aliuzungushia magome mabichi ya mwati, akayakaza kwa mguu.

"Huo mwanzi umepasuka," Kristina alisema. "Kata mpya."

"Mama Juliana, gome la mwati linafunga mizigo kwenye lori, na haianguki. Litashindwa na mwanzi?"

Mlio wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili pia. Mara ya tatu akawasha, ukakataa. Enoki akaongeza kabaidi, akaongeza maji, akaziba tena. Wakati huo Kristina alitoka jikoni. Wali ulikuwa umeiva, na watoto walikuwa na njaa. Alikuja akifuta mikono, akasimama ubavuni mwa mzinga, akasema, "Baba Juliana, chakula..."

Mwanzi ulipasuka ubavuni. Magome yalikatika kama nyuzi. Uji mweupe wa kabaidi ulimpiga Kristina usoni, machoni, yote mawili.

Alipiga kelele. "Macho yangu! Yanaungua! Mama wee, yanaungua!"

Tulisimama kama magogo. Aliyekimbia alikuwa mmoja tu, mama Zipora. Alikuja na debe la maji ya mvua mikononi, maji yanamwagikia nguo, anaita, "Mlazeni! Mfungueni macho! Maji! Maji!"

Enoki akamzuia kwa mikono miwili. "Usimmwagie! Kabaidi inawashwa na maji! Unataka kumchoma mke wangu?"

"Enoki, hiyo ni chokaa! Nimebeba chokaa misheni miaka minne, naijua! Ikiingia jichoni ni maji tu!"

"Umetuapiza, sasa umekuja kufurahi!" Enoki akalipiga debe teke. Maji yote yakamwagika chini.

Zipora akataka kurudi kuchota mengine. Mtu mmoja akamshika mkono, akamwambia, "Mama, waache wenyewe, usiongeze ugomvi." Mtu huyo alikuwa mimi. Mimi, mwalimu. Nilijua kusoma, lakini la chokaa sikulijua, na aliyelijua nilimshika mkono.

Enoki alimfuta Kristina kwa kitambaa, akampaka samli machoni. Tukampakia nyuma ya baiskeli, tukamsukuma kwenye matope mpaka zahanati. Tulitumia saa mbili. Njia nzima Kristina aliuliza, "Bado mchana?" Ulikuwa mchana, jua linawaka kati ya mawingu.

Dresa wa zahanati, mhudumu wa kutibu vidonda, aliitwa Tarsis, mtu mpole, Mkatoliki. Aliuliza jambo moja kwanza: "Mmemwosha?"

"Hapana," Enoki alisema. "Tumempaka samli."

Tarsis hakutukemea. Alimlaza Kristina, akamfungua kope kwa vidole, akamwagia maji, birika baada ya birika, kwa muda mrefu sana. Kisha akamfunika macho kwa kitambaa safi bila kukaza, akatutoa nje.

"Enoki," alisema, "kabaidi ikikutana na maji inageuka nini?"

"Uji mweupe, bwana dresa."

"Uji huo ni chokaa. Inakula jicho kila dakika inapokaa. Samli haiiondoi. Inayoiondoa ni maji."

"Lakini maji yanawasha kabaidi. Nimeona mwenyewe!"

"Umeona maji kidogo, ndani ya mwanzi uliozibwa, na wewe ukaweka moto. Usoni hakuna moto. Ukiona punje ya kabaidi, iondoe upesi kwa kitambaa kikavu, halafu mwaga maji. Maji mengi, si kikombe. Debe, na debe jingine, kwa nusu saa. Mshike kope ili jicho likae wazi. Asisugue, na msimtie dawa yoyote. Baada ya hapo ndipo umlete kwangu."

Enoki akauliza kwa sauti ndogo, "Kama angeoshwa pale pale?"

Tarsis alitazama chini. "Huenda angeona," alisema.

Enoki akakaa kwenye matope akalia. Sijawahi kuona mwanamume analia hivyo.

Kristina alikaa hospitali miezi miwili. Jicho la kushoto lilikufa. La kulia linaona mwanga wa dirisha tu, basi. Siku aliporudi, Enoki alikwenda nyumbani kwa Zipora, akapiga magoti mlangoni.

"Mama, ulileta maji nikayamwaga. Nisamehe."

Zipora alimwinamia. Kisha akasema, "Sikutaka kukushinda, mwanangu. Nilitaka kumwosha tu." Akamwinua, wakalia wote wawili. Nami niliomba msamaha wangu baadaye. Woga ulinichelewesha.

Mwezi wa Oktoba jumbe wetu, mzee Kefa, aliita baraza. Dresa Tarsis alikuja kutufundisha. Alisema mzinga wa mwanzi usipigwe tena, uwe mpya au mkuukuu, kwa kuwa hakuna anayejua utapasuka lini. Mwenye fataki za dukani azipeleke uwanjani, mbali na nyasi na mifugo, awashe mtu mzima, na watoto wakae mbali. Iliyokataa kuwaka isirudiwe wala isiinamiwe. Imwagiwe maji iachwe. Na majirani waambiwe mapema, hasa wenye wagonjwa, wanawake waliojifungua na ng'ombe.

Vijana walinung'unika. "Sikukuu itakuwa kama matanga!" alisema mmoja.

Kristina akaomba ashikwe mkono. Juliana, binti yake, alimleta katikati. Akafungua kitambaa usoni. "Nitazameni," alisema. "Nilisoma Luka mara moja tu. Mnataka mlio? Pigeni ngoma. Pigeni madebe. Imbeni mpaka mkauke koo. Lakini mimi mnitazame kwanza."

Ikakubaliwa kwamba Noeli ngoma zipigwe uwanjani baada ya ibada mpaka saa nane, na Enoki mwenyewe apite nyumba kwa nyumba kutoa habari. Alipita. Nyumba ya Zipora alianza nayo. Ng'ombe wake alikuwa na ndama sasa.

Siku tatu kabla ya Noeli tulipaka kanisa chokaa. Kijana Manase alikuwa anakoroga ndani ya pipa. Mti wa kukorogea ukamponyoka, chokaa ikaruka ikamwingia jichoni. Alipiga kelele ile ile. Watu wakapiga kelele pia, mmoja akaita, "Leteni samli!"

"Hapana!" Enoki alikuwa ameshafika. Alimlaza chini, akapiga magoti karibu na kifua chake, akamfungua kope. "Maji! Nyumbani kwangu kuna madebe manne. Mwalimu, kimbia!"

Nilikimbia. Zipora alikimbia. Tulileta madebe, Enoki akamwaga. Manase alilia kwamba anaona baridi, anataka kuacha. Enoki hakuacha. Alihesabu kwa sauti, machozi yanamtoka, na alipomaliza madebe manne akaomba mengine. Kisha tukampeleka zahanati. Tarsis alimchunguza, akasema, "Jicho zima. Nani amemwosha?"

Jioni ilikuwa bado haijaingia tuliporudi. Kristina alikuwa amekaa mlangoni anasuka kikapu kwa kupapasa. Mkono mmoja unasuka, mwingine unafuata kuhakikisha. Alisikia hatua zetu akauliza, "Vipi?"

"Anaona," Enoki alisema.

"Macho yote?"

"Yote mawili, Mama Juliana. Amenisomea bango la zahanati."

Kristina aliweka kikapu chini. Alilia bila sauti, muda mrefu, na Enoki alikaa kando yake bila kujua pa kuweka mikono. Mwishoni alijifuta uso kwa kitenge.

"Basi kachote maji," alisema. "Hamkuniachia hata ya kupikia."

Enoki akachukua madebe mawili, akashuka kisimani.