Kompyuta Mbili za Bwana Masoud

Maiti ilikutwa uani, ndani ya pipa la maji. Haikuwa maiti ya mtu. Ilikuwa kompyuta mpakato, mpya kabisa, bado ina nailoni yake juu ya kioo. Samia, mke mdogo wa Bwana Masoud, alichovya kata achote maji ya kutawadha, kata ikagonga kitu kigumu. Alipokitoa alipiga yowe, nusu ya mtaa wa Dunda ikatoka nje.

Mnacheka? Hata Inspekta Sihaba alitaka kucheka alipokabidhiwa jalada. Alipofika kwenye nyumba yenyewe, kicheko kikamwishia.

"Kesho huyu anarudi kwao Pangani," Masoud alisema hata kabla ya salamu kwisha. "Na talaka yake mkononi."

"Kwa kosa gani?"

"Mlango haukuvunjwa, afande. Dirisha zima. Basi kaitoa mwenyewe, kampa yule fundi wake, wamekosana huko, wakaja kuitupa pipani. Asiponieleza ukweli, namwacha."

"Fundi gani?"

"Yunus, mwenye kibanda sokoni. Tangu nimpeleke huyu akasafishiwe kompyuta, haishi kumtaja. Yunus kasema hivi, Yunus kasema vile. Mimi si mtoto mdogo!"

Wivu, jamani! Mwanamume ana wake wawili, na bado roho juu kwa fundi wa kibandani.

Samia alikuwa amekaa mkekani, macho mekundu. Ndoa yake haijamaliza hata mwaka.

"Ulimpa mtu kompyuta?" Sihaba alimuuliza.

"Wallahi sikumpa."

"Ilikuwa wapi?"

"Juu ya kabati. Jana alasiri nilikwenda darasani kwa wanawake wenzangu. Niliporudi haipo."

"Nani huingia humu?"

"Mimi, yeye, na dada Habiba. Uani hatufungiani mlango."

Habiba ni mke mkubwa. Nyumba yake na ya Samia zimegawana ukuta mmoja na uani mmoja, na Masoud huenda huku na kule kwa zamu.

"Mimi nagawa kwa haki, afande," Masoud alijigamba. "Huyu doti ya kanga, yule doti ya kanga. Huyu kitanda, yule kitanda. Kompyuta nilinunua mbili kwa mpigo, aina moja, rangi moja. Hata mimi sizitofautishi."

"Zina namba chini. Ipi ni ya nani?"

"Nani aliangalia namba?"

"Na Bi Habiba anaipenda yake?"

Masoud alisonya. "Huyo haachi kulalamika. Eti yake nzito, eti ya mwenzake ndiyo nzuri. Kila nikikaa kula ni wimbo huohuo."

Sihaba aliitia kompyuta iliyokufa kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda sokoni. Yunus alipomwona askari, bisibisi ilimponyoka.

"Afande, mimi sijaiba kitu!"

"Nimekuuliza? Kompyuta ya Samia uliifanyia nini?"

"Niliisafisha tu. Hizi mashine zikitoka dukani huja zimejazwa mazagazaga. Michezo ambayo hukuitaka. Kinga ya virusi ya majaribio, inakutisha kila saa ulipie. Matangazo yanarukia kioo unapofanya kazi. Mashine mpya, lakini inatambaa. Niliondoa programu zote hizo, nikabakiza za maana. Ikawa nyepesi."

"Ya Bi Habiba je?"

"Hiyo sijapata kuiona."

"Haya, fungua hii hapa, mbele yangu. Ukigusa nisilokuambia, leo unalala mahabusu."

Yunus alifungua mgongo wa kompyuta, akatoa diski, akaikausha taratibu kwa feni, akaiunganisha na mashine yake. Diski iliitika. Alisoma kilichokuwemo, akasoma tena, kisha akakuna kichwa.

"Afande, siyo hii niliyoisafisha."

"Una hakika?"

"Tazama mwenyewe. Michezo imo. Kinga ya virusi imo. Mazagazaga yote yamo kama yalivyotoka kiwandani."

"Hayawezi kurudi yenyewe?"

"Labda mtu ayarudishe kwa makusudi, moja moja. Nani ana kichaa hicho?"

"Na maji?"

"Maji yanaharibu, afande. Hayawezi kuongeza programu."

Sihaba alimwambia arudi kwenye kazi zake. Kama iliyozama siyo ya Samia, ni ya nani? Nyumba ile ilikuwa na mbili tu, na moja bado ilikuwa nzima, kwa mke mkubwa.

Habiba alimpokea vizuri. Mwanamke wa makamo, mtulivu, udi unafuka chumbani. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwizi mmempata?"

"Bado tunatafuta. Hii yako haina matatizo?"

"Haina. Inakwenda vizuri tu."

"Bwana Masoud kaniambia ni nzito."

Habiba alinyoosha pembe ya kitambaa. "Ilikuwa. Siku hizi imetulia."

"Hebu niwashie."

Iliwaka papo hapo. Kioo cheupe, kimya, hakuna tangazo hata moja.

"Ile kinga ya virusi inayotisha watu iko wapi?"

"Niliiondoa."

"Nani alikusaidia?"

"Mwenyewe."

"Mashaallah. Nioneshe ulivyofanya."

Habiba alinyoosha mkono, ukasimama juu ya vitufe. Hakujua pa kuanzia. Akaurudisha mkono mapajani.

"Mama," Sihaba alisema kwa upole, "iliyotolewa pipani ni yako. Hii ni ya Samia. Kesho anapewa talaka kwa kosa lisilo lake. Utamwacha aende?"

Habiba aliifunika kompyuta tena kwa kitambaa chake. Kisha akasema, "Waite wote."

Waliitwa. Masoud alibaki amesimama. Samia alikaa karibu na mlango.

"Ni mimi," Habiba alisema. "Jana nilimpelekea mwenzangu chakula, kama kawaida yetu. Sinia, na kawa la kufunikia juu. Nikamkuta hayupo, kompyuta iko juu ya kabati. Nikaacha wali, nikarudi na kompyuta chini ya kawa. Nani atafunua kawa alilobeba mke mkubwa?"

"Yako ukaitia majini kwa nini?" Sihaba aliuliza.

"Ningemwachia yangu angeijua saa ileile kwa uzito wake. Nilitaka ionekane ni yake ndiyo imekufa."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Binti yangu Ashatu ameolewa Muscat. Kajifungua. Kila nikimpigia nimwone mjukuu wangu, matangazo yanamfunika mtoto uso, sauti inakatika. Na hapo ukutani namsikia huyu anacheka na mama yake, sauti safi, utadhani wamekaa jiko moja. Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kulala. Nikasema, kumbe mbele za watu tuko sawa, lakini mimi kanipa mbovu."

"Zilikuwa sawa!" Masoud alipiga kelele. "Mama Ashatu, wallahi zilikuwa sawa! Ya huyu fundi kaisafisha tu!"

Habiba hakuelewa. Ikabidi Sihaba amweleze habari ya programu zile, na kwamba fundi huziondoa kwa mchana mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimpeleka huyu kwa fundi?"

"Mimi," Masoud alisema.

"Mimi nilipokuomba msaada, hukusema mashine zote ndivyo zilivyo, nitaizoea?"

Masoud aliangalia sakafu.

"Ulimpeleka lini?"

Samia ndiye aliyejibu. "Jumapili, dada. Mimi na bwana tulikaa kibandani mpaka magharibi."

"Jumapili ilikuwa zamu yangu. Alinipigia simu akasema yuko Makurunge, gari limekwama."

Samia alimgeukia mumewe. "Mimi uliniambia dada yuko Miono msibani, na zamu kaniachia."

Hapo Bwana Masoud, mgawaji wa haki, alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Samia," Sihaba alimwambia, "mali ni yako. Unamshitaki?"

"Simshitaki."

"Basi yamekwisha!" Masoud alishusha pumzi. "Mke wangu, ile habari ya Pangani nilisema kwa hasira tu. Yasahau."

"Tangu asubuhi nalia nisirudishwe," Samia alisema. "Sasa najirudisha mwenyewe. Leo."

Aliichukua kompyuta mezani, akamwekea Habiba mapajani. "Mpigie Ashatu, dada." Kisha akatoka, na Masoud nyuma yake anambembeleza.

Habiba alipiga. Mtoto alitokea kwenye kioo, uso mzima, anapiga miayo, hakuna kilichomfunika.

"Mama," Ashatu aliuliza, "mbona unalia?"

Nje, Samia alikuwa anamwita dereva wa bodaboda.