Funda la Kwanza

Nzi ndio waliotangulia kujua. Asubuhi ile mtaa wa Ilomba ulikuwa na ukungu na baridi ya kukunja vidole, baridi ambayo nzi mwenye akili zake habanduki chooni, lakini juu ya boneti ya gari la Ezron walikuwa wamejaa tele, weusi, wamebanana, na hawakuruka hata alipowapungia mkono. Walikuwa wanalamba.

Ezron akachukua kitambaa akawafagia. Kitambaa kilirudi na utelezi kama wa bamia. Akakinusa, kisha akajuta kukinusa.

"Ni huo ulanzi wako wa jana," mkewe Yusta alisema kutoka mlangoni, ameshika kiuno. Mimba yake ilikuwa kubwa, na siku hizo kila harufu ilikuwa adui yake. "Nilikwambia usimwage hapo, ukaona nakuharibia raha."

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la zamani, jekundu, la michezo, lenye milango miwili, tena la chini mno hata matuta ya Ilomba yalikuwa yakilikwaruza tumbo kila siku. Ezron, fundi wa majokofu, alilinunua kabla ya kuoa na alilipenda kupita adabu. Alikuwa akiliita "mama". Zaidi ya yote alipenda taa zake, ambazo zilijificha ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa, mfano wa macho yanayofumbuka. Ya kushoto ilifumbuka kwanza. Ya kulia ilikuwa nzito, ikaja nyuma taratibu, na Ezron alikataa katakata kuitengeneza. "Ananikonyeza," alikuwa akisema, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Yusta alikuwa amechoka kukonyezewa mume. "Mtoto tutamkalisha wapi, kwenye buti?" aliuliza kila wiki. Mwishowe walikubaliana kwamba kabla hajajifungua gari litauzwa, wanunue la milango mitano kama watu wengine. Ezron alikubali kwa mdomo. Moyoni alikuwa bado anatafuta upenyo.

Kabla hajaupata, baba yake alifariki huko Iringa. Baada ya mazishi shangazi zake walimweka kitako. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, wakamwambia. Akifika kwake, getini, kabla mtu yeyote hajaonja kitu, amwage chini kikombe cha kwanza cha ulanzi, pombe ya mianzi, na kumkaribisha baba yake kwa jina, ili mzee awe mkubwa wa nyumba ile. Ndivyo walivyofanya wote waliomtangulia. Nyumba isiyokaribisha mkubwa wake, walisema, hukaribisha yeyote.

Ezron aliitikia "ndiyo shangazi" na kucheka kimoyomoyo. Hata hivyo alisimama Nyololo, kando ya barabara kuu, akanunua dumu la ulanzi kwa Mama Bertha Kalinga, mwanamke mzee ambaye watu walimfuata kwa ulanzi na pia kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Mama Bertha aliulegeza mfuniko ili dumu lisipasuke njiani. "Kamwage vizuri, mwanangu," alimwambia. "Pole na baba."

Alipofika Ilomba jua linazama, Yusta alimletea kikombe getini. Ezron akakijaza, akamtazama mkewe kwa utani, kisha badala ya kumwaga chini akamimina ulanzi wote juu ya boneti.

"Tangulia wewe, mama," alisema. "Mkubwa wa nyumba hii ni wewe."

Funguo zilikuwa mfukoni mwake na gari lilikuwa limezimwa. Taa ya kushoto ikafumbuka. Kisha, taratibu, ya kulia.

"Waya zimepigana," Ezron alisema, akacheka peke yake.

Hivyo ndivyo nzi walivyopata sababu. Ezron aliosha boneti kwa sabuni ya unga, akaosha tena kwa mafuta ya taa, na kesho yake nzi walikuwa pale pale. Ndani ya gari harufu ilianza kama ulanzi uliochacha, ambao mtu wa Iringa anaweza kuuvumilia, halafu ikageuka ikawa ya pombe iliyozamiwa na panya. Alitoa mazulia akayaanika. Chini yake palikuwa na kitu cheupe, chenye unyevu, kinachovutika kama makamasi, na kila alipokikwangua kiliacha mahali pake joto. Alipowasha feni, matundu yalimtemea funza usoni. Mmoja aliingia mdomoni. Alikuwa mtamu, na utamu ule ulimkirihi Ezron kuliko funza mwenyewe.

Wazee wa kanisa waliitwa. Walikuja watatu na suti zao, wakaweka mikono juu ya paa la gari, wakafumba macho. Katikati ya maombi gari lilicheua. Hakuna neno jingine la kusema: lilicheua, kama mzee aliyeshiba, upepo wa moto ukatoka kwenye bomba la moshi, na mzee mmoja akatapika juu ya viatu vya mwenzake. Wengine waliobaki walisema amina haraka, wakakumbuka wana kikao.

"Liuze, Ezron," Yusta alimnong'oneza, ameziba pua kwa kitenge. "Nakuomba. Liuze hata bure."

"Nalitangaza leo," alisema, na safari hii alimaanisha.

Aliyejitokeza alikuwa Adrian, mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya, kijana mwenye vumbi jekundu kwenye nyusi na hela ya kuchezea. Ajabu ni kwamba siku ile gari lilinukia kama duka la manukato. Adrian alilizunguka, akalipapasa. "Braza, hii chuma ni kali. Nachukua leo leo," alisema. Wakapeana mikono.

Mikono haijaachana, Yusta akapiga ukelele ndani.

Ezron alimkuta amepiga magoti jikoni, ameshika tumbo lililokuwa limekaza kama jiwe, na kinywani mwake mlikuwa mnatoka kitu cheupe chenye povu, kingi kuliko kinachoweza kukaa ndani ya mtu, kinachochacha hapo hapo sakafuni na kutoa vijipovu, na ndani yake mlikuwa na nywele, nywele ndefu ambazo hazikuwa zake, ambazo ilibidi Ezron azishike kwa vidole na kuzivuta taratibu kutoka kooni mwa mkewe huku akihisi upande wa pili kuna kitu kinachozivuta kurudi ndani, na nje, ambako hakuna aliyegusa gari, honi ilikuwa inalia bila kukatika.

"Siuzi!" Ezron alipiga kelele dirishani. "Adrian, siuzi tena! Ondoka!"

Honi ikanyamaza. Yusta akavuta pumzi. Tumbo likalegea, mtoto akacheza ndani yake. Adrian aliondoka akitukana, na haki ilikuwa yake.

"Halitaki," Yusta alisema kwa sauti ndogo. "Ezron, ulilikabidhi ukubwa. Nilikuwepo. Nilisikia. Sasa likitaka mtoto utalikatalia kwa lipi?"

Ezron alipanda basi alfajiri kwenda Nyololo, akamsimulia Mama Bertha kila kitu, na pale aliposema boneti yule mama akatema mate kando kwa kinyaa.

"Nyie wa mjini mnasema jini," alisema. "Mimi nasema kitu kisicho na kwao. Barabara hii imejaa vya namna hiyo, vinafuata magari, vinasubiri kuitwa. Wewe ukaviita. Tena kwa kikombe cha baba yako!"

"Nilikuwa natania, mama."

"Anayekufa njaa hana utani na chakula. Mkubwa hauzwi, mwanangu. Lazima kwanza umvue ukubwa. Ulichomnywesha ukinywe wewe, chote, tumboni mwako kipotelee huko. Usiteme hata tone. Pale utakapotema, ndipo atakapokaa."

Walirudi pamoja. Mama Bertha alifika Ilomba jioni, akalizunguka gari akiwa ameziba pua, akamwamuru Ezron afungue boneti na kutoa chupa ya maji ya waipa, yale ya kuoshea kioo; alichonyweshwa, alisema, kimekaa humo. Ezron alikuwa ameijaza maji safi mwenyewe. Sasa ilikuwa nzito mikononi mwake na vuguvugu kama kibofu cha mbuzi aliyechinjwa punde.

Vilivyomo vilijaza kikombe kile kile. Vilimiminika kwa mabonge. Juu palikuwa na utando wa kijivu uliokuwa ukipanda na kushuka, unapumua. Chini ya utando funza walikuwa wanajinyonganyonga. Na kitu cheupe kilichokuja juu na kuzama tena kilikuwa kucha ya mtu, nzima, na nyama yake. Yusta alisimama karibu, kitenge chake cha maua ya njano mkononi, machozi yakimtoka. Hakuthubutu kumwambia kunywa, wala hakuthubutu kumwambia acha.

"Kunywa," Mama Bertha alisema. "Mimi namkaribisha baba yako." Akawageuzia mgongo, akaanza kumwaga ulanzi mpya getini, akiita jina la marehemu.

Ezron alikunywa. Funda la kwanza lilishuka kama kohozi la mtu mwingine, la pili lilimng'ang'ania kooni na ikabidi alimeze mara mbili, la tatu lilikuwa na miguu, na taa za gari zilikuwa zimefumbuka zote zinamtazama, boneti inatetemeka, harufu inampanda puani kutokea ndani ya tumbo lake mwenyewe, na yeye anafikiria mtoto, mtoto tu, anameza, anameza, mpaka kikombe kikabaki na funda moja chini, la mwisho, lenye ile kucha, akalitia mdomoni lote akafunga meno, na kucha ikajigeuza juu ya ulimi wake ikamkuna.

Yusta akamwinulia kitenge amfute jasho. Ezron akakidaka, akakiweka mdomoni, akatema.

Kilikuwa kitu cha mara moja. Alikunja kitenge haraka, akakidondosha kwenye beseni la nguo. Hata Yusta alidhani amefuta midomo.

"Umemaliza?" Mama Bertha aliuliza, amegeuka.

"Nimemaliza, mama."

Mama Bertha alimtazama koo. Taa za gari zikashuka, zikajifunika. Nzi wakaruka wote kwa pamoja, wakaenda zao. Harufu ilikatika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Yusta alicheka. Mama Bertha alikataa kulala. Alisema anataka kwake.

Adrian alisamehe, akaja kulichukua gari. Siku ile Yusta hakuumwa hata kichwa. Wakanunua gari jeupe la milango mitano, la kuchosha kabisa, na Ezron aliliosha bila kuliita jina lolote. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakampa jina Lusia. Alichelewa kufumbua macho, lakini wauguzi walisema watoto wengine ndivyo walivyo.

Mtoto alikuwa na siku chache tu nyumbani Adrian alipopiga simu kutoka Chunya.

"Braza, asante. Chuma inatembea, haina kwikwi. Halafu ulinidanganya, si ulisema taa ya kulia ni nzito? Mbona zinainuka zote pamoja, kama mpya?"

Ezron alisema vizuri, nashukuru, akakata simu. Akaelekea jikoni upesi.

Jikoni Yusta alikuwa anakoroga uji wake wa uzazi, Lusia yuko mgongoni. Alikuwa amembeba kwa kitenge cha maua ya njano, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Nzi mmoja alikuwa ametua shavuni pa mtoto, analamba.

"Baba Lusia, njoo umwone mwanao leo anavyonuka maziwa," Yusta alisema, akicheka. Alimshusha, akampakata, akachovya kidole kwenye uji na kumgusisha midomoni kabla yeye mwenyewe hajaonja.

"Yusta, usi..."

"Tangulia wewe, mama," Yusta alimbembeleza mwanawe, kama mzazi yeyote. "Mkubwa wa nyumba hii ni wewe."

Lusia alikinyonya kidole mpaka kikaisha utamu. Kisha akamgeukia baba yake, akafumbua jicho la kushoto. La kulia likaja nyuma, taratibu.