Fundi, Geuka

Jambo la kwanza lilikuwa dogo tu: chumba cha pili kilikuwa na mgonjwa mmoja, na spika ilikuwa ikileta pumzi za watu wawili.

Nesi wa zamu alipunguza sauti, kisha akaiongeza tena. Wenzake walimwita Popo kwa sababu alilala mchana na kufanya kazi usiku, naye aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Katika nyumba ya utafiti wa usingizi kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kuwaangalia watu wamelala. Wote walikuwa na maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Mtu anakoroma weee, ghafla koo linajifunga, kimya, mpaka mwili wenyewe ushtuke na kugombania hewa. Usiku wa kwanza ilikuwa marufuku kumgusa mgonjwa; pumzi iachwe ikatike, ipimwe. Usiku uliofuata alivalishwa barakoa inayosukuma hewa kooni, ili Daktari aliyeongoza utafiti alinganishe. Popo hakuwahi kuuzoea ule usiku wa kwanza. Kukaa unatazama binadamu anakabwa, na wewe una mikono miwili, si mchezo.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa fundi cherehani mstaafu, mgane, mtu wa masihara. Alipokuwa akibandikwa nyaya kichwani na kufungwa mkanda kifuani, alimwambia Popo, "Mwanangu, huu si mshono. Hapa umenipiga bandi tu, uzi wa kushikizia."

Sasa alikuwa amelala chali. Pumzi yake ikakatika. Ile nyingine ikaendelea, nyepesi, karibu kabisa na kipaza sauti. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha watoto.

"Fundi, geuka."

Fundi akashtuka, akajishika ubavu, akavuta hewa na kugeuka. Kwenye skrini kitanda kilikuwa na mtu mmoja.

Ikawa hivyo hadi alfajiri. Kila pumzi ilipokatika, aliitwa.

Asubuhi, alipomfungua mkanda, Popo aliona alama ubavuni, viduara vyekundu vidogo, vingine vibichi, vingine vya zamani. "Mzee, nini hiki kimekuuma?"

Fundi akashusha shati haraka. "Uzee, mwanangu. Uzee una meno."

Daktari alisikiliza kanda na hakusikia ila mvumo. "Kelele za mashine," alisema. "Nenda kalale, Popo." Hakuwa mtu mbaya. Baba yake mwenyewe alikufa kwa maradhi hayo, na tangu hapo hakuwa na muda wa mambo yasiyopimika.

Binti wa Fundi alipokuja kumchukua baba yake, Popo alimvuta kando. "Nyumbani, nani alikuwa akimwamsha?"

Binti aliweka mkoba chini. "Mama. Naye alikuwa mshonaji. Kile kikofia cha chuma cha kidoleni, kastabini, hakukivua hata kitandani. Baba akinyamaza tu, anadungwa ubavuni: Fundi, geuka. Sisi huku chumbani kwetu tunavunjika mbavu kwa kicheko." Akatazama mlango, akanong'ona. "Mama tulimzika mwaka jana, dada. Na bado namsikia usiku, ng'ambo ya ukuta. Nami sina mzazi mwingine. Niambie tu kama hiyo barakoa itamponya."

"Itamponya," Popo akajibu, na hakusema uongo.

Usiku wa pili barakoa ilifanya kazi. Mistari ya skrini ilitulia, Fundi akalala kama mtoto aliyeshiba. Hapakuwa na pumzi ya kukatika, kwa hiyo hapakuwa na wa kuitwa. Na hapo ndipo ile pumzi nyingine ilipoanza kutangatanga, mara mguuni pa kitanda, mara dirishani, mara kichwani pa mgonjwa, ikiinama, ikisikiliza, ikingoja kimya ambacho hakikuja, huku harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa kibichi ikipenya chini ya mlango na kumfikia Popo kwenye kiti chake, na kwenye spika kikaanza kilio, chembamba, kilio cha mtu aliyefika kazini akakuta nafasi yake imechukuliwa, kikapanda na kupanda, mpaka mkanda mmoja wa barakoa ukaachia, na wa pili ukaachia, na barakoa ikateleza ikaanguka shingoni, na koo la Fundi likajifunga.

Popo alikimbia. Chumba kilikuwa baridi, na kando ya Fundi godoro lilikuwa limebonyea. Aliikamata barakoa kwa mikono miwili akaibana usoni pa mzee, akakaa hivyo hadi kulipokucha, huku kitu kinamhemea kisogoni. Hakugeuka. Alilia tu naye, kimyakimya.

Ile mikanda haikuwa imekatika. Ilikuwa imefumuliwa, mshono kwa mshono, bila uzi mmoja kuchanika.

Jioni yake, Fundi akiwa amebakizwa kwa usiku wa tatu na Daktari ameshaondoka, Popo, aliyekwisha kumweleza binti yote, alimfungulia mlango wa nyuma. Alikuja na mganga, mtu mfupi mwenye mafua, aliyepiga chafya kwa ubani wake mwenyewe. Mganga alizunguka kitanda, akanusa alivyoweza, akakaa.

"Marehemu hadungi mtu ubavu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini. Alimkuta mama yenu kwenye kazi hii, akaipenda, akaivaa pamoja na sauti. Anakula ile pumzi inayokatika. Lakini mimi siwezi kumtoa mgeni aliyekaribishwa. Mwenye nyumba aseme mwenyewe."

Wote wakamtazama Fundi. Alikuwa ameketi kitandani, miguu ikining'inia.

"Najua si yeye," alisema.

"Baba!"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama yako alikuwa akiniita, kisha anasonya. Huyu hasonyi. Huyu ana subira, na mke wangu hakujaliwa subira hata ya kungoja chai ipoe." Alicheka kidogo, machozi yakamtoka. "Na mikanda nimeifumua mimi, kabla sijalala, nikaacha mshono wa mwisho tu. Nilimwonea huruma. Kuna nani mwingine duniani anayeniita kwa sauti ile?"

Binti alipiga magoti, akamshika miguu. "Niko mimi, baba. Mimi sina mwingine. Nimemzika mama, usinifanye nikuzike na wewe."

Mzee akampapasa kichwa. Kisha akageukia upande mtupu wa kitanda.

"Umeniigizia vizuri," alisema. "Nakushukuru kwa yote. Sasa nakwenda nyumbani na mwanangu. Wewe baki hapa. Usinifuate."

Harufu ya pasi iliyokuwa imetanda chumbani ikakatika. Wote wanne walisikia pumzi ndefu ikivutwa, na hawakuisikia ikitolewa.

"Amesikia," mganga akasema, akifungasha vitu vyake. "Hawa wakiagizwa wana utii kuliko sisi."

Fundi alirudi nyumbani na barakoa mpya. Alama za ubavuni zikapona. Binti alipiga simu kila wiki kusema baba analala vizuri, ila ameacha masihara, na wakati mwingine humkuta ameketi ameshika kastabini mkononi. Daktari aliwaonyesha wageni matokeo yake. Popo akaanza kuamini kwamba jambo lile limekwisha.

Kisha simu ikaja asubuhi, na haikuwa siku ya simu.

"Ameifumua tena, dada," binti alisema. "Mikanda yote. Uzi ameuzungusha vizuri kwenye bobini ya cherehani, ameuweka juu ya mto. Nimemkuta amelala chali. Hakugeuka."

Popo alikaa chini. "Na ubavuni?"

"Safi. Hakuna alama hata moja." Sauti ya binti ikavunjika. "Alikuwa anamngoja. Alingoja, na hakuna aliyekuja."

Zamu hiyo chumba cha pili hakikuwa na mgonjwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, taa zimezimwa. Popo alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa sare aliposikia pumzi kwenye spika.

"Fundi, geuka."

Kimya.

"Fundi, geuka."

Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. Na baada yake, karibu kabisa na kipaza sauti, kikasikika kitu ambacho Popo hakuwahi kukisikia usiku wowote wa nyuma: msonyo, wa mke aliyechoka kumwita mumewe.

Alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kusema na wagonjwa.

"Fundi ameshageuka, mama," alisema. "Lala na wewe."

Pumzi ndefu ikatolewa, kana kwamba ile iliyovutwa jioni ya kuagana ndiyo sasa imeachiwa. Kwenye skrini godoro likabonyea polepole, upande wa ukutani tu, na ule mwingine ukaachwa wazi.