Miguu ya Balozi

"Balozi ametekwa. Gari jeupe la mizigo, barabara ya uwanja wa ndege."

Sauti ya Mkuu redioni haikuongeza neno. Msumari aligeuza Land Cruiser katikati ya barabara, matairi yakalia, bastola ya Glock ikambana ubavuni.

Alilifukuza gari lile dakika ishirini. Alipita taa nyekundu tatu na kung'oa kioo cha pembeni. Ndipo akakumbuka kuuliza.

"Mkuu, balozi wa nchi gani?"

"Si wa nchi. Ni panya."

"Rudia."

"Panya wa maabara, Msumari. Balozi ndilo jina lake. Endesha gari."

Miaka kumi na sita ya ujasusi. Alishawahi kutupwa mtoni na pingu mikononi, akatoka. Leo anahatarisha roho kwa ajili ya panya! Alitukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Hakuna tusi lililomtosha.

Simu ikaita.

"Mimi ndiye daktari mpasuaji, mwenye panya," alisema mwanamke, maneno yakimtoka mbiombio. "Nisikilize, kaka. Uti wake wa mgongo uliumia, miguu ya nyuma ikafa. Nimempandikizia kifaa kidogo kama punje ya mchele, kinapeleka umeme kwenye neva. Anatembea. Miaka saba, panya mia mbili, ni huyo tu aliyebaki akitembea. Leo saa tisa kamati ya hospitali inamwona. Asipofika, siruhusiwi kumpasua binadamu."

"Na huyo binadamu yupo?"

"Niko naye hapa wodini. Fundi paa. Alianguka kutoka ghorofa ya pili, mwaka wa pili huu yuko kitandani."

Sauti ya mwanamume ikadakia nyuma yake: "Mwambie akanyage mafuta!"

Msumari akakanyaga.

Gari jeupe lilisimama ndani ya ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Mlanguzi aliyeandikwa kwenye mafaili kwa jina la Tabasamu alikuwa ameshashusha kizimba, karani wa forodha ameshika muhuri. Msumari aligusa kamera ndogo ya miwani yake, akainama kutazama, na moyo ukamshuka.

Panya ishirini na wanne. Weupe wote. Kila mmoja kanyolewa mgongo, kila mmoja ana mshono mbichi. Wote wanakimbiakimbia.

"Karibu, ndugu," Tabasamu alisema akichekelea. "Hati zangu zimekamilika. Mteja wangu wa ng'ambo anasubiri."

"Ndege inaondoka baada ya dakika tisa," karani alisema. "Kuzuia shehena nzima mpaka amri ya mahakama. Kama yumo wa wizi, mwonyeshe kwa ushahidi, umchukue."

Msumari akashika redio. "Mkuu, naomba kuwabeba wote."

"Hapana. Huyo mteja ana mawakili wengi kuliko risasi zetu."

Akarudi kwenye simu. "Daktari, panya wako ana alama gani?"

"Mshono mgongoni."

"Wote wameshonwa."

"Washenzi! Wamewachana viumbe wazima! Iko njia moja. Weka simu yako juu ya kizimba, nitazima kifaa kutoka huku. Atakayeanguka ndiye."

"Zima basi!"

"Unafikiri rahisi? Mwaka jana nilizima vifaa vya wenzake wawili, havikuwaka tena. Kila kikao kamati wananiambia zima, washa, tuone, pengine panya kapona mwenyewe. Nakataa, wananiona mwongo. Nimechoka, kaka. Nimechoka kabisa."

Dakika nne.

"Haraka haraka haina baraka, ndugu," Tabasamu alisema. "Ila ndege haijui methali."

Msumari aliweka simu juu ya kizimba, akafungua spika. "Daktari, akipanda ndege umempoteza mzimamzima."

Vidole vikagonga kompyuta upande wa pili wa simu.

"Nazima."

Ishirini na watatu waliendelea kukimbia. Mmoja alikaa chini ghafla, akajaribu kwenda, miguu ya nyuma ikaburuzika.

Tabasamu naye akatimua mbio. Msumari alilisukuma toroli la mizigo kwa mguu mmoja. Likamkuta kwenye ugoko, akaenda chini kifudifudi, na kabla hajavuta pumzi pingu zilikuwa mikononi.

"Mchukue panya wako," karani alisema, akaweka muhuri pembeni.

"Washa, Daktari."

"Nimewasha."

"Bado."

"Tena. Sasa je?"

"Bado!" Msumari alipiga meza ngumi. Panya! Na jasho linamtiririka.

"Mara ya tatu."

Mguu wa kushoto ukatikisika. Ukakanyaga. Balozi akajiinua, akaenda hatua mbili, mguu wa kulia ukimfuata kama kamba.

"Sema kitu, wewe!" Daktari alifoka simuni.

"Wa kushoto umekubali. Wa kulia anauburuta."

"Mmoja?" Mpasuaji alikaribia kulia. "Miaka saba! Kamati inataka miwili, niwapelekee mmoja?"

"Miwani yangu ina kamera, imerekodi yote. Anatembea, unazima, anaanguka, unawasha, anainuka."

"Kwa mguu mmoja!"

"Kwa mguu mmoja."

Fundi paa akaingilia, sauti yake karibu kabisa na simu.

"Hivi mnabishania nini nyie? Mimi sina hata huo mmoja."

Mpasuaji akavuta kamasi.

"Mlete kabla ya saa tisa," alisema. "Na usimtikise."

Msumari alimtia Balozi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akamwachia karani kazi ya kumchunga Tabasamu mpaka polisi wafike, akatoka ghalani akitembea polepole.